Mwacheni Krishna na Weusi Wake

Kila inapokaribia Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, mungu tunayemwabudu sisi Wahindu, kundi letu la WhatsApp la ukoo hujaa picha za Krishna. Mwaka huu imezunguka moja iliyoniharibia siku. Krishna mchanga, unyoya wa tausi kichwani, filimbi mkononi, ngozi nyeupe pe, mashavu mekundu, macho ya kijani. Imetengenezwa na akili mnemba, inaonekana tu. Chini yake "Jai Shri Krishna", yaani sifa kwa Bwana Krishna, zikafuatana bila kukoma, na shangazi yangu mmoja akaandika kwamba hii ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kumwona nazo Bwana.

Nikauliza weusi wake umeenda wapi. Nikajibiwa haraka kwamba Krishna si mweusi, ni wa buluu.

Jibu hilo nimelisikia tangu utotoni na limenichosha. Basi twende kwenye mahekalu yenyewe ya India, tuzitazame sanamu zake na za Vishnu, Mungu aliyejidhihirisha kama Krishna. Shrinathji wa Nathdwara, ambaye nyumba nyingi za Kigujarati hapa Dar na kule Mombasa zimemtundika ukutani, ni jiwe jeusi. Dwarkadhish wa Dwarka, jiwe jeusi. Vitthal wa Pandharpur, aliyesimama juu ya tofali mikono kiunoni akimsubiri mja wake Pundalik amalize kuwahudumia wazazi wake, jiwe jeusi. Venkateshwara wa Tirupati, mweusi. Jagannath wa Puri amechongwa kwa mti, kisha hupakwa rangi: kaka yake Balabhadra hupakwa nyeupe, dada yao Subhadra manjano, naye hupakwa nyeusi, na juu ya weusi huo yanachorwa macho mawili makubwa ya duara. Wachoraji wa Puri wanazo rangi zote mkononi. Wakimfikia yeye, wanachovya brashi kwenye nyeusi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba buluu si uzushi wa juzi. Washairi wamemfananisha pia na yungiyungi la buluu, na picha ndogondogo za kale za Rajasthan na Kangra zinamwonyesha hivyo. Lakini mwaka 1894 mchoraji Raja Ravi Varma alianzisha kiwanda cha kuchapa picha huko Bombay, miungu ikaanza kuingia majumbani kwa bei ya mtu wa kawaida, na tangu enzi hizo kalenda zimekuwa zikimpausha Krishna kidogokidogo. Buluu nzito ikawa buluu ya anga. Sasa hata hiyo ya anga imeondoka.

Mnaona nakuza jambo dogo? Weusi ule ni fundisho, na anayeufuta anafuta kitu ambacho vizazi vya waja vimekiimba kwa machozi.

Nyimbo zetu zinamwita Ghanshyam, mweusi wa wingu la mvua. Aliyewahi kuishi kaskazini mwa India anaijua Mei na Juni yake: ardhi imepasuka, kisima kimeshuka, mbavu za ng'ombe zinahesabika, na kila mtu anatazama juu. Wingu jeupe halimsaidii mtu, linapita zake. Kinachosubiriwa ni wingu jeusi, zito, linalotembea polepole kwa sababu ya mzigo wake, na likitokea tausi huanza kucheza kabla tone la kwanza halijaanguka. Washairi wakiitazama nguo ya manjano ya Krishna juu ya mwili ule, huona umeme ukipita ndani ya wingu. Weusi wake ni weusi wa kitu kilichojaa, kilichobeba maji kwa ajili ya wengine. Anayemwimbia Ghanshyam anasema: nimekauka, ninyeshee. Sasa niambieni, Krishna mweupe wa kwenye simu atanyesha nini?

Bihari, mshairi wa karne ya 17, alilipeleka jambo hili mbali zaidi. Alisema mwenendo wa moyo uliopenda haujulikani na mtu: kadiri unavyozidi kuzama katika rangi nyeusi, ndivyo unavyozidi kung'aa. Nimeyarudia maneno hayo usiku mwingi wa shida. Na katika nyimbo za Surdas, mshairi mwingine wa Krishna, limo blanketi jeusi lisilokubali kupakwa rangi nyingine yoyote. Nguo nyeupe tone moja la chai linaiharibu, inapokea kila kinachoidondokea. Moyo uliokwisha kuchovywa katika Shyam, jina la Krishna lenye maana ya mweusi, haupokei tena rangi ya hofu, wala ya tamaa, wala ya sifa za watu. Wazee walioimba haya walikuwa na macho. Waliichagua nyeusi wakijua wanachokifanya.

Kwa Kali, mungu wa kike tunayemwita Mama, ni hivyohivyo, ingawa ibada yake ina mkondo wake. Ramakrishna, kuhani wa Dakshineswar nje kidogo ya Kolkata, alisema Mama anaonekana mweusi kwa sababu tunamtazama kutoka mbali. Maji ya bahari nayo kwa mbali yana rangi, ukiyateka kiganjani hayana. Maandiko ya Tantra yanasema rangi zote huzama ndani ya nyeusi zikatoweka, na viumbe wote hurudi kwa Kali vivyo hivyo. Weusi ndio mwisho wa macho yetu, pale tunapokiri kwamba Mungu ni mkubwa kuliko tunachoweza kukiona.

Anayetaka kuelewa asimame karibu wakati sanamu ya jiwe inapoogeshwa. Kuhani anamimina maziwa, mtindi, samli, asali, maji ya sukari. Maziwa yanafunika jiwe lote mpaka uso unapotea. Kisha yanateremka, yanapita kwenye nyusi, yanajikusanya kwenye pembe za midomo, yanadondoka kidevuni, na jiwe linarudi jeusi ti, linang'aa kuliko lilivyokuwa. Hapo ndipo watu hupaza sauti. Bibi yangu, tuliyemwita Ba, alikuwa akilia kila mara kwenye dakika ile, amejiziba mdomo kwa ncha ya sari. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza analia nini. Akasema, "Amerudi, beta (mwanangu)."

Yako pia mambo ya kututia aibu, na nayasema nikiwa Mhindu. Nashik, magharibi mwa India, lipo hekalu la Kala Ram, yaani Rama mweusi, umbo jingine la Vishnu, sanamu ya jiwe jeusi. Machi 1930 Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, watu waliotengwa chini ya matabaka yote, aliongoza maelfu yao waliotaka tu kuingia na kumwona Rama huyo. Milango ikafungwa. Mapambano yakaendelea miaka, milango ikabaki imefungwa, na mwaka 1935 Ambedkar akatangaza kwamba hatakufa akiwa Mhindu. 1956 akaingia Ubudha pamoja na umati mkubwa wa wafuasi wake. Pandharpur nako, Chokhamela, mtakatifu wa karne ya 14 aliyempenda Vitthal kuliko uhai, alizuiwa kuingia kwa sababu ya tabaka lake, na kaburi lake liko pale kwenye ngazi za mlango. Watu wa tabaka lake walifunguliwa hekalu hilo mwaka 1947, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kufunga kula. Sisemi kwamba tabaka na rangi ni kitu kimoja. Nasema waliokuwa wakiinama kila asubuhi miguuni pa jiwe jeusi waliweza kumdharau binadamu aliyesimama mlangoni, na hilo linanitisha hadi leo.

Najua nitakachojibiwa. Mungu Shiva anaimbwa kuwa mweupe wa kafuri, Chaitanya, mtakatifu wa Krishna, ana rangi ya dhahabu, na wanateolojia watasema mwili wa Mungu si ngozi kama yetu. Yote ni kweli. Lakini sijawahi kuona Radha, mpenzi wa Krishna, akipakwa weusi ili apendeze. Marekebisho siku zote huenda upande mmoja.

Na upande huo unafika hadi kwa watoto wetu. India kuna krimu ya kung'arisha ngozi iliyoingia sokoni mwaka 1975. Mwaka 2020, baada ya kelele za dunia, ikabadilishwa jina, na mauzo yakaendelea. Hapa kwetu mkorogo unauzwa waziwazi. Binamu yangu mmoja ni mweusi kuliko dada zake, na tangu akiwa msichana mdogo amekuwa akisuguliwa unga wa dengu na manjano kila panapotajwa wageni wa posa. Wanaomsugua ni haohao wanaoamka alfajiri kumwimbia Shyam, na wanaimba vizuri, kwa mapenzi ya kweli, ndiyo maana nawaandikia wao. Shangazi zangu wanaijua Mahabharata, utenzi wetu mkuu wa kale, kwa ghibu. Wanajua kwamba binti mfalme Draupadi alitoka motoni akiwa mweusi, na kwamba wafalme wa nchi nzima walisafiri kuja kushindana kwa upinde ili wamwoe. Basi wanionyeshe andiko, si maneno ya mtaani, linalomtaka binti yetu abadilike rangi ndipo aposwe.