Loire kwa baiskeli: jamani punguzeni kilomita

Kila kiangazi kikikaribia naanza kuona ratiba za watu wanaotaka kupita na baiskeli kando ya mto Loire kule Ufaransa, na karibu zote zinanisikitisha. Orléans hadi Tours siku moja. Nevers hadi baharini wiki moja. Mtu ameomba ruhusa kazini, kalipa nauli, kanunua mabegi ya keria na hema, halafu anajipangia kilomita 120 kwa siku kwenye bonde ambalo makasri na miji ya zamani imepangana kama vituo vya daladala, sasa ataona nini huyo? Ataona tairi la mbele na simu inayomwelekeza njia, basi. Mimi msimamo wangu ni kwamba Loire ni ya kwenda polepole, kilomita 35 au 40 kwa siku zinatosha kabisa, siku nyingine hata 20, na anayekwambia hiyo ni safari ya wazee mwache apite.

Kwa ambao hawaijui, kuna njia rasmi inaitwa La Loire à Vélo, kama kilomita 900 hivi, inaanzia karibu na Nevers katikati ya nchi mpaka Saint-Brevin-les-Pins, pale mto unapoingia bahari ya Atlantiki. Ni kipande cha njia ndefu zaidi, EuroVelo 6, inayovuka Ulaya mpaka Bahari Nyeusi. Vibao vipo kila njiapanda, kupotea ni mpaka utake mwenyewe. Sehemu kubwa ni njia ya baiskeli tupu au vibarabara vya vijijini ambavyo gari linapita moja moja, na ardhi ni tambarare, yaani mlima unakutana nao pale tu unapoamua kuliacha bonde.

Sasa hapo kwenye tambarare ndo watu wananiambia inaboa. Hapana. Inaboa kwa anayekimbia. Njia mara nyingi inapita juu ya tuta, na lile tuta si la juzi, kule Anjou, eneo la magharibi mwa bonde, matuta ya kuzuia maji yalishaanza kujengwa karne ya 12, enzi za mfalme Henry wa pili, huyohuyo aliyetawala na Uingereza. Ukiwa juu yake upande mmoja una mto na fungu za mchanga mweupe katikati, ndege wamejazana, upande wa pili una mashamba, bustani za mboga na paa za nyumba ziko chini yako. Hapo unaelewa kwa macho yako kwamba kijiji kizima kiko karibu usawa wa mto, na kwa nini watu wa pale wanauheshimu. Ukiingia vijijini angalia kuta za nyumba za zamani na za makanisa karibu na gati, utakuta msitari umechongwa kwenye jiwe na mwaka pembeni yake: 1846, 1856, 1866. Ni alama za mafuriko, maji yalifika hapo. Mingine iko juu ya kichwa cha mtu mzima. Unasimama pale na baiskeli yako unainua macho kutafuta msitari wa 1856 na unaona mto uleule umetulia chini kule, sehemu nyingine maji hayafiki hata magotini. Anayepita na spidi ya 28 kwa saa hawezi kuuona huo msitari hata siku moja. (Na maji yakiwa kidogo hivyo bado usiogelee, mchanga wa Loire unahama na mkondo unadanganya, watu wanakufa.)

Kuna kitu kingine kinaniuma, hii dhana kwamba baiskeli ya maana ni ya mashindano na ya matembezi ni ya walioshindwa. Sisi wenyewe tumekuzwa hivyo, Ufaransa na baiskeli kwetu ni Tour de France, ni Froome mzaliwa wa Nairobi akichukua ushindi mara nne, na ni haki yetu kujivunia. Lakini angalia gia za baiskeli yako, zile za kuhamisha mnyororo. Aliyezipigia debe miaka na miaka ni Paul de Vivie, watu walimwita Vélocio, mtu wa Saint-Étienne aliyezaliwa 1853 akafa 1930, na yeye alikuwa mtu wa safari na matembezi, sio wa mashindano. Upande wa pili Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, alizidharau, aliandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45, na kwenye Tour zilikatazwa mpaka zikaja kuruhusiwa 1937. Kwa hiyo waendeshaji wa polepole ndo waliotangulia na wakimbiaji wakafuata. Vélocio alikuwa na masharti yake ya barabarani: kula kabla njaa haijauma, kunywa kabla ya kiu, usifike mahali pa kuchoka kabisa, na usikanyage pedeli kwa ajili ya sifa. Hilo la mwisho ningelibandika kwenye kila usukani.

Halafu kuna 1936. Mwaka huo serikali ya Ufaransa ilipitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo, na wafanyakazi wa viwandani, watu ambao hawajawahi kupumzika na mshahara maishani mwao, walitoka na baiskeli, wengine mume na mke kwenye baiskeli moja ya watu wawili, wakaenda kuiona nchi yao na bahari. Hawakwenda kuvunja rekodi yoyote. Ninapoona njia hii leo, na mabomba ya maji na meza za kukalia chini ya miti, naona ni mwendelezo wa kile walichokidai wale, kwamba mtu wa kawaida naye ana haki ya muda wake. Ukija kuukimbiza muda huohuo kama uko kazini, kwa kweli mimi sikuelewi.

Chukua kasri la Chambord. Wengi wanaletwa na basi, wanashushwa parking, baada ya saa mbili wanaondoka. Ukija na baiskeli kutoka mji wa Blois unaingia kwanza kwenye msitu, na msitu wenyewe umezungushiwa ukuta wa kilomita 32, umo ndani ya uwanja wa mfalme na kasri bado hujaliona. Unaendesha tu kati ya miti, kimya, saa za asubuhi ukibahatika unaona paa au nguruwe pori, halafu miti inaachia na lile jengo linatokea lote kwa mpigo na minara yake. Mfalme François wa kwanza alilianzisha 1519 na maisha yake yote jumla ya siku alizolala pale hazifiki hata miezi mitatu. Ndani kuna ngazi mbili zinazojizungusha pamoja, mmoja anapanda mwingine anashuka, mnaonana kupitia vidirisha vya katikati lakini hamkutani. Wengi wanaamini wazo limetoka kwa Leonardo da Vinci, ambaye mfalme huyohuyo alimwita akaja kuishi mji wa Amboise 1516, na alifariki hukohuko Mei 1519. Sasa Amboise yenyewe iko mbele kwenye njia hiyohiyo, siku moja ya mwendo wa taratibu, au hata mbili ukilala katikati, na kaburi la Leonardo liko kwenye kanisa dogo ndani ya ngome. Ndo maana nasema usivipange vyote siku moja, utachanganya kasri na kasri na jioni hukumbuki ngazi ilikuwa wapi.

Kasri la Chenonceau nalo watu wanauliza, haliko kwenye Loire bali kwenye mto Cher, inabidi upandishe kidogo na kupita msitu wa Amboise. Nenda. Ukumbi wake umejengwa juu ya mto, na wakati wa vita vya pili vya dunia mto Cher ulikuwa ndio mpaka kati ya upande ulioshikwa na Wajerumani na upande huru, kwa hiyo mlango wa mbele uko upande mmoja na wa nyuma upande mwingine, na kuna watu waliokolewa kwa kupitia humo.

Mimi lakini kipande changu ni mji wa Saumur na jirani zake. Mawe ya pale ni meupe yenye umanjano, laini, yanaitwa tuffeau, kijiji chote na kasri vimejengwa kwa jiwe hilohilo lililochimbwa kilimani hapohapo, na mashimo yaliyobaki watu wanaishi humo, wanahifadhi mvinyo, wanalima uyoga. Kutoka Montsoreau unapandisha kilomita chache mpaka abasia ya Fontevraud iliyoanzishwa 1101, na hapo walizikwa Henry wa pili yule wa matuta, mkewe Eleanor wa Aquitaine na mtoto wao Richard moyo wa simba. Kwenye sanamu za makaburi yao wanaume wamechongwa wamelala kama wafu. Eleanor amechongwa ameshika kitabu kilichofunguliwa, anasoma. Baadaye Napoleon akapageuza jela, na ikabaki jela mpaka 1963. Pale mpe mchana mzima.

Mambo ya kawaida ya safari sasa. Maji: makaburi ya vijijini karibu yote yana bomba, unajaza chupa bila tatizo, ila ukikuta kibao cha "eau non potable", yaani maji yasiyofaa kunywa, usinywe. Chakula: maduka mengi ya vijijini yanafunga saa sita mchana mpaka saa nane, Jumapili mchana ni kufunga, Jumatatu bekari nyingi zimefungwa, kwa hiyo nunua mkate na jibini asubuhi. Malazi tafuta yenye alama ya Accueil Vélo, wana sehemu salama ya kufungia baiskeli na vifaa vya kuziba pancha. Upepo mara nyingi unatoka baharini, ukielekea magharibi unaukabili, na kwenye tambarare upepo ndo mlima wenyewe, sababu nyingine ya kutojibebesha kilomita. Baiskeli ya umeme? Kodi tu, sioni aibu yoyote hapo, mama yako mwenye miaka 65 atafurahi sana. Na usishangae kukutana na minara mikubwa ya vinu vya nyuklia kama pale Saint-Laurent, hilo bonde watu wanaishi na kufanya kazi, sio makumbusho.

Kwa ndugu zangu mlioko Paris, Brussels na kwingine huku ambao likizo ni wiki moja tu: teremkeni treni Blois, malizeni Saumur, na mkibakiwa na siku ya ziada chukueni treni mpaka Angers mkaone lile zulia la ukutani la karne ya 14, karibu mita 100 za picha za kitabu cha Ufunuo, ambalo kuna kipindi lilikatwakatwa likafunikia miche ya michungwa isipigwe na baridi. Treni za mkoa zinabeba baiskeli ila kiangazi nafasi zinajaa, angalieni mapema. Mimi nachagua Septemba, joto limepungua, zabibu zinavunwa na kempingi zina nafasi.