Sikujitosa, Nilirudi Nyuma Hatua Moja

Kwa kuwa dereva wangu amekwishatangaza kuanzia Darajani hadi Mkokotoni, hapa Unguja, kwamba mimi mtembeza wageni nilijitosa kwenye bwawa la kuogelea ili kulikimbia swali la mgeni, naomba niisimulie habari hii mwenyewe kabla kanzu haijakauka.

Wageni wa jana walikuwa Wafaransa, na miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja mkaazi wa La Grande-Motte, mji wa mapumziko ambao msanifu Jean Balladur aliubuni katika miaka ya 1960 kwenye pwani ya vinamasi na mbu, akaujaza majengo yaliyo mithili ya piramidi. Nikajitia kujua, nikasema kuwa piramidi hizo zimeigwa Misri. Bibi akanisahihisha kwa upole kwamba Balladur alivutiwa na zile za Teotihuacán, Meksiko. Hapo ndipo dereva alipopatia ngano yake.

Ili kujirudishia heshima, nikaanza kuusifu usanifu wa hoteli tuliyokuwamo, huko pwani ya mashariki, huku nikitembea kinyumenyume kama ilivyo ada yetu watembeza wageni. Nikaeleza kwamba Mji Mkongwe, nilikozaliwa, mlango una kizingiti na baraza ina ukingo, lakini msanifu wa kisasa huuficha ukingo, maji yakalingana na sakafu, jicho lisijue bwawa linaishia wapi na bahari inaanzia wapi. "Tazameni," nikasema, nikarudi hatua moja.

Mguu haukukuta kitu. Nilipata wasaa wa kuziona nyuso za Wafaransa zikibadilika moja baada ya nyingine, na wa kuiona simu ya dereva ikiinuliwa. Kanzu ikashika upepo, ikatuna kama tanga la jahazi, ikanifunika uso. Kofia yangu ya viua, ambayo huivaa sikukuu tu, ikashika njia yake kuelekea baharini. Nikapiga mayowe kwamba ninazama. Nyinyi mnaokumbuka kwamba nimekua nikipiga mbizi Forodhani, tafadhali nyamazeni. Nilipoifunua kanzu usoni, nikamwona mtoto wa miaka kama sita amesimama kando yangu, maji yakimfika kifuani, akinitazama kwa huruma.

Mtunza bwawa aliiopoa kofia kwa wavu wa kuokotea majani, nikavishwa joho la taulo, ziara ikaendelea. Garini, bibi aliniomba niirudie ile sehemu ya ukingo, kwani hakuisikia vizuri.