"Jikaze, chango hilo"

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na jibu moja kwa kila mwanamke aliyeshika tumbo chini ya kitovu: "Una chango wewe." Msichana aliyevunja ungo juzi, jirani aliyejifungua kwa kupasuliwa, shangazi aliyekwisha kukoma hedhi, wote chango. Yatachemshwa majani, ataitwa mkandaji, na mazungumzo yatakwishia hapo.

Sina ugomvi na bibi. Ugomvi wangu ni na hilo neno. Mtu akishapewa chango haulizwi tena kitu. Linauma wapi hasa? Siku za hedhi tu au mwezi mzima? Ukikojoa je? Ukenda haja? Ukiwa na mumeo? Mie nimeanza kuumwa niko kidato cha pili huko Wete, Pemba, na maswali hayo nimekuja kuulizwa nina miaka 27, na muuguzi aliyekuwa keshashika ufunguo anataka kufunga kituo. Akaurudisha mfukoni, akakaa. Mpaka leo namuombea dua.

Madaktari wanayaita maumivu sugu ya nyonga, ingawa sisi tukisikia nyonga tunafikiria mguu. Muradi wao ni maumivu ya sehemu yote ya chini ya kitovu, yakidumu miezi 6 au zaidi, yawe ya kuja na kuondoka au ya kukaa tu. Na sababu zake si moja. Huwa ni kizazi, huwa ni kibofu, huwa ni utumbo, huwa ni makovu ya upasuaji au ya maambukizi ya zamani yaliyogandisha viungo pamoja. Mara nyingi ni mawili matatu kwa mpigo, ndiyo maana dawa moja haitoshi.

Kuna moja nataka nikae nalo, maana ni letu. Kichocho. Tumekua tukiambiwa kichocho ni mtoto wa kiume kukojoa damu. Sasa mtoto wa kike akikojoa damu, nani atajua? Itasemwa siku zake zimemjia. Na sisi wa Pemba ndio tuliokuwa mtoni kutwa: kufua, kuoga, kuosha vyombo, kuvuka kwenda bondeni kwenye mpunga. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wa maji baridi, vinapenya kwenye ngozi, na minyoo ikishakua hutaga mayai. Mayai hayo hayaishii kwenye kibofu. Yanakwama kwenye mlango wa kizazi, kwenye kuta za uke, hata kwenye mirija, yanafanya vidonda na madoa yenye rangi ya mchanga. Mwanamke anaumwa tumbo la chini, anatokwa na uchafu, anatoka damu baada ya tendo la ndoa. Mume akisikia hivyo swali lake ni moja: umeyapata wapi? Najua wanawake waliopewa dawa za magonjwa ya zinaa mara tatu, mara nne, na ndoa ikaingia maneno, kwa maradhi ambayo huenda yaliingia kwa miguuni walipokuwa na miaka minane wakifua sare za skuli.

Mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho Unguja na Pemba, kuanzia 2011 hadi 2017, uliyapunguza sana maradhi haya. Haukuyamaliza. Na walioathirika zamani wapo, ni mama zetu na sisi wenyewe. Vidonge vya prazikwanteli vinaua minyoo, lakini vidonda vilivyokaa miaka havikubali kupona kirahisi, kwa hiyo kuwahi kuna maana. Jengine, mkojo unaweza kupimwa usionekane na yai hata moja na ugonjwa ukawepo kizazini. Basi ukiingia kwa daktari usingoje kuulizwa. Mwambie: mie nimekulia mtoni.

Yangu haikuwa kichocho. Ultrasaundi mbili zilitoka safi, na kila mara nilirudi nyumbani nikiona haya kama niliyesema uongo. Hakuna aliyenambia kwamba endometriosisi, nyama zinazofanana na utando wa ndani ya kizazi zikaota nje yake, mara nyingi haionekani kwenye kipimo hicho. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani wanayo kama mwanamke mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa. Basi hesabu wenyewe, kwenye ukumbi wa harusi ya kwetu ni wangapi hao.

Nilipoandikiwa vidonge vya homoni, mama hakusema na mimi siku tatu. Mwari, vidonge vya uzazi wa mpango! Watu watasemaje? Nilimwelewa, lakini nilivimeza. Vinatuliza hedhi, hedhi ikitulia na zile nyama hutulia. Na dawa ya maumivu kama ibuprofeni nilifundishwa niinywe mapema, mara tu dalili zinapoanza, nisingoje mpaka nimelala sakafuni (mwenye vidonda vya tumbo au figo aulize kwanza).

Lakini kilichonishangaza ni nyama nyengine, misuli ya chini inayobeba kibofu na kizazi. Mtu aliyeumwa miaka huzikaza bila kujijua, zikakazana mpaka zenyewe zikawa zinauma, na mishipa ya fahamu ikazoea kupiga kelele hata pasipo na jeraha. Na sisi dawa yetu ni ipi? Jikaze! Somo anakwambia jikaze, mkunga anakwambia jikaze, mwalimu anakwambia jikaze. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinilaza chali, mkono juu ya tumbo, akanambia: vuta pumzi mpaka chini, halafu legeza. Nililia. Sikuwahi kuambiwa nilegeze.

Maji ya moto ya bibi, kwa haki yake, yanasaidia kweli. Chupa ya moto iliyofungwa kitambaa naiweka mpaka leo. Kukandwa tumbo kwa nguvu sikushauri. Na aliyekosa hedhi akashikwa na maumivu ya ghafla na kizunguzungu, au mwenye homa kali, aende hospitali, asisubiri hata asubuhi; na aliyekoma hedhi kisha damu ikarudi naye asikawie kumuona daktari.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, ana miaka 16, alikosa skuli siku nne. Dada alikuwa keshamtuma mtu kwa mkandaji. Nilimpelekea yule mtoto daftari, aandike kila siku panapouma, panavyouma na alichokosa kufanya. Ukurasa wa kwanza nilimwandikisha kwa simu, kabla ya jina lake: "Nimeoga mtoni mpaka nilipofika darasa la tano."