Springi Umeongeza, Breki Je?

Wiki hii kundi letu la WhatsApp limejaa klipu moja tu. Hilux dabo kabini iko uani kwa fundi, nyuma imenyanyuka hadi taa za mbele zinatazama vumbi. Fundi kapanda kwenye bodi, anarukaruka, gari kimya. Kisha anageukia kamera na kutangaza kwamba sasa hii inabeba tani mbili na nusu, popote unapopajua. Wenzangu wanauliza bei, wanauliza yuko mtaa gani, mmoja anaomba apunguziwe kwa kuwa ana magari mawili. Breki hakuna aliyeziuliza.

Nimekereka, wala si kwa sababu fundi kaongeza springi. Springi huchoka, kila mwenye pikapu ya kazi analijua hilo. Kilichonikera ni ile namba. Tani mbili na nusu kaitoa wapi? Hilux ilitoka kiwandani ikiwa gari ya kubeba takriban tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo dereva, utingo na yule shangazi wa lifti pamoja na mabegi yake. Springi inashikilia bodi isilalie ekseli, basi. Ekseli ni ile ile, beringi zile zile, chasisi ile ile, ngoma za breki zile zile. Punda ukimwekea tandiko nene, mgongo wake haujaongezeka.

Sasa breki, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Ingia chini ya Hilux ya zamani, LN106 kwa mfano, au hata Vigo, Hilux iliyokuja baadaye, isiyo na ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga), utazame juu ya ekseli ya nyuma. Utaona fimbo nyembamba ya chuma imetoka kwenye ekseli ikapanda hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Presha ya breki za nyuma inapitia hapo. Valvu hiyo haina kompyuta wala macho. Inachokijua ni umbali kati ya chasisi na ekseli. Gari ikiwa tupu, chasisi iko juu, valvu inabana presha ili tairi za nyuma zisijifunge ukikanyaga ghafla. Ukipakia, chasisi inashuka, fimbo inasukumwa, valvu inaachia presha zaidi iende nyuma, kwa sababu sasa nyuma ndiko kwenye uzito.

Haya. Fundi kakuongezea pleti nene ya springi kila upande. Umepakia viazi Njombe, gari haijashuka hata kidogo, umefurahi, umepiga na picha. Valvu nayo imepima umbali wake ikakata shauri kwamba gari ni tupu. Inabana presha. Yaani siku uliyobeba mzigo kuliko siku zote, breki za nyuma zimeambiwa zipumzike. Kazi karibu yote inabaki kwa pedi za mbele. Halafu unaanza kushuka mlima Kitonga.

Aliyeshuka Kitonga na mzigo hahitaji kusimuliwa. Kona juu ya kona, lori mbele yako linatambaa kwa gia nzito, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena. Pedi zinapata moto, harufu inaingia hadi ndani, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama mpaka sakafuni. Msibani tutaambiwa breki zilifeli, kana kwamba ziliugua ghafla usiku ule, tena ni kazi ya Mungu. Fimbo ya valvu haitatajwa.

Wapo mafundi wanaoijua valvu hiyo vizuri sana. Dawa ya baadhi yao ni kuinyanyua fimbo na kuifunga kwa waya ili presha iende nyuma wakati wote. Hongereni. Siku unarudi tupu, mvua imenyesha Mikumi, nyati kakatiza barabara, unakanyaga, tairi za nyuma zinajifunga na gari inageuka kutazama ilikotoka.

Na dawa halali ni ndogo tu. Ukibadilisha springi za nyuma, kishikio cha ile fimbo kinarekebishwa kulingana na urefu na ugumu mpya, presha inapimwa kwa geji, kisha breki zinajaribiwa gari ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Haimo kwenye klipu kwa sababu huwezi kuirukia.

Najua kuna mtu anajiandaa kunijibu kwamba yeye habebi tani mbili, anabeba gunia kumi na tano tu. Gunia zipi? Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanahubiri hadi wanapata kikohozi, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, bado inatoka shambani na nundu yake juu imeshonwa kwa kamba. Gunia 15 za halali ni kilo 1,500, tayari umezidi. Za lumbesa hesabu yake anaijua mbebaji. Na mizani za barabarani hazikuoni, kwa sababu zinashughulika na magari ya tani 3.5 kwenda juu. Pikapu inapita pembeni ikiwapungia mkono. Chukua gari tupu ya karibu tani mbili, ongeza zile mbili na nusu za klipu. Hiyo imeshakuwa lori, ila inapita mlango wa magari madogo.

Chasisi niiseme kwa kifupi. Kwenye dabo kabini mzigo mwingi unakaa juu ya ekseli na nyuma yake, hivyo chuma kinapindia nyuma tu ya kabini. Tazama ule upenyo kati ya kabini na bodi: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, na ndiyo gari uliyokuja kuinunua, aga urudi nyumbani. Mifuko ya hewa inayouzwa siku hizi haibadilishi hilo, inalisukuma tatizo mahali pamoja tu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila anayeongeza springi ni mjinga. Mwenye duka anayefuata saruji kila wiki, mifuko kumi na minne au kumi na mitano ya kilo 50, yuko ndani ya uwezo wa gari yake, na springi zilizochoka zinamtesa bure. Huyo afunge seti nzima mpya inayolingana na gari yake. Si pleti moja ya gari nyingine iliyookotwa kwenye vyuma chakavu, yenye mkunjo wake na uchovu wake; si pleti iliyochomelewa, maana moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma cha springi. Yuboliti zinazobana springi kwenye ekseli ziwe mpya, zile za zamani zimeshavutika. Shokapu pia. Na ajue kwamba gari ikiwa tupu itamrusha kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani, hadi meno yagongane. Hoja ya mafuta, kwamba safari mbili ni hasara, naielewa. Kodi Canter.

Ukishamaliza yote hayo, pakia mzigo wako wa kawaida, tafuta mizani ya ghala la nafaka au ya wauza kokoto, pandisha tairi za nyuma peke yake, upime, ulinganishe na kitabu cha gari. Watakutoza kidogo. Fundi akikuambia hakuna haja, mwambie sawa, apande kiti cha mbele mshuke wote Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni.