Je, Picha Moja Yatosha Kumtaja Pange kwa Jina?

Mfugaji anayempiga picha pange aliyetua ubavuni mwa ng'ombe na kuuliza ni spishi gani hupata majibu ya namna mbili: wapo wanaomtajia jina papo hapo, na wapo wanaosema kwamba bila mdudu mwenyewe mkononi hakuna la kusema. Kwa maoni yangu, hao wa pili wamezidisha ukali, ila wa kwanza ndio wanaopotosha.

Picha moja hueleza mengi. Pange wa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Haematopota akitua huyakunja mabawa yake yenye madoadoa juu ya fumbatio kama paa la nyumba; Chrysops huyatanua kidogo, na kwa kawaida kila bawa lina mkanda mweusi; Tabanus, ambaye aghalabu ni mkubwa, huyalaza bapa. Tena mikanda ya rangi iliyomo machoni mwa pange wengi walio hai hufifia wakishakufa na kukauka, kwa hiyo picha ya malishoni huhifadhi alama ambayo mdudu aliyechomwa pini katika jumba la makumbusho amekwisha kuipoteza. Wanaoidharau picha hawalitaji hili.

Ugumu huanzia chini ya jenasi. Duniani kuna spishi zaidi ya 4,000 za pange, na za Haematopota wa Afrika peke yao zinapita 100. Kinachozitenganisha mara nyingi ni upana wa paji la jike (na anayenyonya ng'ombe ni jike tu, kwani dume hanywi damu), umbo la baka dogo ling'aalo lililopo hapo, na pingili za vipapasio. Mambo ambayo picha iliyopigwa kutoka mgongoni haiyaonyeshi. Hata Tabanus taeniola, anayetambuliwa kwa mistari iliyopauka ya fumbationi, ana wenzake wenye mistari kama hiyo.

Kwa mfugaji wa ngamia kaskazini mwa Kenya anayehofia surra, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na vimelea vya Trypanosoma evansi, jenasi yatosha, maana vimelea hivyo hubebwa mdomoni na pange wa spishi nyingi, na hata na nzi wengine wanaouma. Katika misitu ya Kongo mambo ni tofauti: waenezaji wakuu wa minyoo ya Loa loa kwa binadamu ni Chrysops silacea na Chrysops dimidiata, na anayetafiti ugonjwa uletwao na minyoo hiyo hana budi kumkamata mdudu.