Ulimi wa mtoto umefungwa: akatwe ama tungoje?

Mama anakuja analia, chuchu zimepasuka, mtoto ananyonya lisaa lizima na bado hashibi, halafu jirani anachungulia mdomo anasema huyu ulimi wake umefungwa, mpeleke akakatwe. Mwingine anasema wachana nayo, itajiachilia yenyewe. Wote wako na pointi, lakini hakuna aliyeuliza kama kuna mtu ametulia akamwangalia huyu mtoto akinyonya.

Wa kukata wanaona kitu cha ukweli. Kale kanyama chini ya ulimi kila mtu anako, lakini kakiwa kafupi na kameshikilia karibu na ncha, mtoto akilia ulimi unaingia katikati kama alama ya moyo na hauvuki ufizi wa chini. Sasa badala ya kukumbatia titi na kuvuta, anatafuna chuchu, unasikia tk tk, maziwa yanamwagika kando, chuchu inatoka imebanwa bapa, na hiyo ni mara 8 hadi 12 kwa siku. Titi lisipomalizwa maziwa yanapungua, na kabla hujajua chupa imeingia kwa nyumba. Huyo mama hadeki. Na kukata hospitali ni kazi fupi, makasi, damu kidogo, mtoto anarudishwa kwa titi hapo hapo.

Lakini ushahidi wenyewe ni mwembamba. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, kundi la watafiti linalopima ushahidi wa matibabu, yalikusanya majaribio 5 yenye watoto 302 tu, wakapata uchungu wa mama unapungua kwa muda mfupi, ila kama mtoto ananyonya vizuri zaidi, hapo majibu hayakulingana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kilisema 2024 kwamba chini ya nusu ya watoto wenye ulimi kama huo ndio hupata shida ya kunyonya. Kwa hivyo kuona kanyama tu haitoshi.

Na huku kwetu Nyanza na Western watoto wamekatwa sana mdomoni bure, mara kilimi, kale kanyama kananing'inia kooni, mara yale wanaita meno ya plastiki, yaani meno ya utotoni ambayo hayajatoka, yanang'olewa kwa ufizi ati ndiyo yanaleta homa na kuhara, so neno "kata" linaweza kumfikisha mtoto kwa wembe wa mtu kijijini. Hapo sina pande mbili. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na hakudungwa vitamini K, ile ya kusaidia damu kuganda, anaweza kuvuja damu hadi ikawa hatari.

Mimi naona kwanza nesi amwangalie akinyonya mwanzo hadi mwisho: tumbo kwa tumbo, mdomo wazi kabisa, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu iingie, si chuchu peke yake. Apimwe pia, wiki 2 zikiisha awe amerudisha uzito wa kuzaliwa. Ikirekebishwa hivyo na bado mama anaumia, kilo hazipandi na ulimi kweli umeshikwa, akatwe hospitali, na asiambiwe tena avumilie mwezi mwingine. Shida ni kliniki za Kisumu ama Nakuru asubuhi laini imefika nje, nesi anapima, anadunga, next, hiyo nusu saa ya kuangalia ataitoa wapi? Hapo ndipo pesa na watu wangeongezwa kwanza.

Na mtoto ananyonya poa, anaongeza uzito, halafu unataka akatwe juu ati atachelewa kuongea? Hiyo haina ushahidi wa kutosha, mwacheni.