Protini za kromatini katika minyoo: zinaamua au zinalinda?

Mwaka 1998 yalitokea mambo mawili ambayo wakati huo hayakuhusiana. Watafiti wa Uingereza na Marekani walichapisha jenomu ya Caenorhabditis elegans, mnyoo wa milimita moja aliyekuwa mnyama wa kwanza kusomwa DNA yake karibu yote. Na huku Busia, magharibi mwa Kenya, mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianza katika shule 75 za msingi. Hadi leo, mwanafunzi wa baiolojia pale Maseno au Kisumu mjini anayetaka kujua jinsi minyoo wanavyotawala jeni zao husoma habari za mnyoo wa kwanza, ilhali wanaowasumbua watoto wa jirani yake ni wale wa pili.

DNA ndani ya kiini cha seli haikai tupu. Imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na mchanganyiko huo ndio kromatini. Protini nyingine huishika kromatini: zipo zinazobandika vikundi vya methili (alama ndogo za kemikali) kwenye histoni, na zipo zinazozitambua alama hizo kisha zikakaza au kulegeza mahali hapo. Mafundisho ya kawaida husema kwamba protini hizi huwasha na kuzima jeni. Kauli hiyo ina ushahidi mzito, lakini naona inadai zaidi ya kile kilichothibitishwa, na tofauti hiyo si ndogo kwa anayefikiria kuzifanya protini hizi shabaha ya dawa.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye kromosomu ya X. Huntha wa C. elegans (mnyoo mwenye jinsia zote mbili) ana X mbili, dume ana moja. Protini SDC-2, ambayo hufanya kazi kwa huntha, hukaa kwenye sehemu maalumu za X na kuita kundi la protini nyingine, DPY-27 ikiwemo, ambalo hupunguza utendaji wa kila X kwa takriban nusu, ili huntha asitoe mazao maradufu ya jeni zilezile. Bila SDC-2 huntha hufa, dume huishi. Mtu hawezi kusema hapo kwamba protini inafuata tu uamuzi uliofanywa kwingine. Protini MES-2, MES-3 na MES-6 nazo, ambazo kwa pamoja huweka methili kwenye histoni H3, zina athari inayovuka vizazi: mnyoo asiye na mojawapo ya jeni hizo, ikiwa mama yake alikuwa nayo, huzaa vizuri, ila watoto wake huwa tasa. Mama alimwachia akiba ndani ya yai. Yeye hana cha kuwaachia wanawe.

Sasa upande wa pili. MET-2 na SET-25 ndizo huweka alama nyingine ya methili kwenye H3, ile inayohesabiwa kuwa muhuri wa kromatini iliyofungwa. Minyoo waliokosa zote mbili hupoteza muhuri huo, na bado, wakifugwa katika nyuzijoto 20 za maabara, hukua hadi utu uzima na kuzaa. Wakipandishiwa joto kwa nyuzi chache ndipo uzazi wao huvunjika. CEC-4 huushika muhuri huohuo na kuifunga kromatini kwenye ukingo wa kiini. Ukiiondoa katika kiinitete, kromatini huachana na ukingo, lakini jeni karibu zote huendelea na kazi kama kawaida. Upungufu ulijitokeza pale watafiti walipozilazimisha seli zote za kiinitete kuwa misuli: baadhi ya viinitete visivyo na CEC-4 viligoma kugeuka. Hata kwenye X yenyewe, sehemu 8 zinazoikunja kromosomu katika mafundo makubwa zilipofutwa, mafundo yalitoweka na utendaji wa jeni haukubadilika.

Jaribio linalonishawishi kuliko yote lilichapishwa mwaka 2011. Watafiti waliipunguza LIN-53, protini inayoshika histoni, katika seli za uzazi, nazo hazikugeuka neva. CHE-1, protini inayoiamuru seli iwe neva ya kuonja chumvi, nayo ilishindwa kuzigeuza seli za uzazi pale LIN-53 ilipokuwapo. Walipoipunguza LIN-53 na kuiwasha CHE-1 pamoja, seli za uzazi ziligeuka neva. Amri ilitoka kwa CHE-1. Kazi ya LIN-53 ilikuwa kuizuia. Ni kama ua wa mpakani huku kwetu: ua haukulipima shamba, lakini ukiung'oa, mwenye nia ya kuingia hana tena wa kumzuia. Kwa hiyo naziona nyingi za protini hizi kuwa walinzi wa uamuzi uliokwisha kufanywa, na SDC-2 ibaki mfano wa protini inayoamua kwelikweli.

Walinzi hao, hata hivyo, wasidharauliwe. Hukumu kwamba protini fulani haina kazi kubwa mara nyingi imetolewa kwa minyoo wanaoishi raha mustarehe katika nyuzi 20, chakula tele mbele yao. Mnyoo wa utumbo wa mtoto huishi katika nyuzi 37, na yai lake hukomaa katika udongo ambao joto lake hupanda na kushuka kila siku. Protini ambayo umuhimu wake huonekana tu wakati wa dhiki huenda ikawa ya lazima kwake.

Je, matokeo ya C. elegans yanahamishika? Wakati mwingine ndiyo. Jeni ben-1, inayomfanya C. elegans aathiriwe na jamii ya dawa ambamo albendazole, dawa ya minyoo, imo, ilisaidia kueleza jinsi minyoo wa mifugo wanavyopata usugu. Kwenye kromatini njia si nyoofu hivyo. C. elegans hana protini CTCF, inayosaidia kuikunja kromatini, ambayo Trichinella, mnyoo mwingine wa vimelea, anayo. Ascaris, mnyoo mkubwa wa utumboni, naye amekwenda mbali zaidi: badala ya kuzinyamazisha tu jeni kadhaa za seli za uzazi, seli za mwili wake huzitupa kabisa kiinitete kikiwa bado na seli chache, jambo ambalo mwanabaiolojia Mjerumani Theodor Boveri aliligundua mwaka 1887 kwa mnyoo wa farasi. Protini CENP-A, inayoonyesha mahali pa kuishikia kromosomu seli inapogawanyika, huondoka kwanza kwenye vipande vitakavyotupwa, navyo huachwa nyuma seli inapogawanyika. Hakuna kipimo cha C. elegans kitakachotueleza hilo. Tena HPL-2, protini nyingine ya kromatini ya minyoo, ina ndugu yake ndani ya seli za binadamu, kwa hiyo dawa ya kuilenga ingeweza kumdhuru mgonjwa mwenyewe.

Kinachohitajika ni kuzipima protini hizi ndani ya Ascaris mwenyewe, na mali ghafi ipo karibu. Nguruwe hufugwa kwa wingi Busia, na mnyoo wa nguruwe ni ndugu wa karibu sana wa yule wa binadamu. Jike mmoja anayetolewa utumboni machinjioni hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka yakiwa ya seli moja na husubiri joto na oksijeni ndipo yaanze kugawanyika, hivyo yakitunzwa kwa baridi na kuamshwa pamoja hukua kwa hatua moja, na mtafiti anaweza kuyachukua saa ileile CENP-A inapoondoka.